Njoo ya Tisa

Tarehe 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta umeketi, maana nakujua: ukiipokea umesimama, utaisomea hapo hapo mlangoni mpaka chai ipoe. Mimi ni mzima, isipokuwa kifundo cha mkono wa kulia. Mvuke wa pasi ya dukani umenibabua, si sana, lakini naandika nikiuegemeza mkono kwenye meza kama mzigo wa mtu mwingine. Mgongo wako je? Na masikio? Mjomba ananiambia kwamba siku hizi mlango ukigongwa husikii mpaka mtu aupige teke.

Sasa hiyo bahasha kubwa, usiishtukie. Nimeandika kitabu, Baba. Ni kifupi, kurasa tisini na mbili. Mchapishaji amekikubali na anataka nakala ya mwisho kabla Machi haijaisha. Nimekiandika hapa hapa kwenye kaunta ya dobi, nyuma ya risiti, makoti ya watu yakining'inia juu ya kichwa changu. Kuna koti moja la kijivu lina miezi minane. Mwenyewe alifariki. Mkewe alipiga simu akasema atakuja kulichukua, hajaja, na kila asubuhi ni mimi ninayelipangusa vumbi. Nadhani kitabu kilianzia hapo.

Ni hadithi ya kutisha. Inaitwa Kikohozi Ukutani. Mwanamke anafiwa na mama yake, anarudi mji anakofanya kazi, na juma la tatu anasikia kikohozi cha mama yake ndani ya ukuta wa chumba alichopanga. Mengine utayasoma.

Nakuomba unisomee kama ulivyokuwa ukiwasomea watu kwenye kiwanda cha uchapaji. Miaka thelathini na moja umesahihisha vitabu vya watu usiowajua, wakakuita Wembe, na hawakukuita bure. Hiki ni cha mwanao. Najua mlizoea kazi hiyo wawili, Mama akisoma mswada kwa sauti na kutamka kila nukta na kila mkato, wewe ukimfuata kwenye prufu, zile kurasa za majaribio, na kalamu yako nyekundu. Jaribu peke yako, Baba. Tangu nimekubaliwa siwezi kukaa mahali pamoja. Naenda stoo, nikifika nimesahau nilichofuata.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 15 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Nimeketi, usiwe na wasiwasi. Mgongo unaniuma asubuhi na kuniacha mchana. Masikio ni yale yale, mashine za kiwandani zilishachukua chao. Paka mafuta hicho kifundo, na umwambie tajiri wako pasi ya mvuke inataka glavu.

Kitabu chako nilikiweka juu ya kabati. Nikakishusha nikakiweka kitandani. Nikakitoa kitandani nikakiweka mezani, nikakigeuza uso chini. Siku tatu nilikizunguka. Siku ya nne nikachonga penseli, nikaiona penseli ni woga, nikachukua kalamu nyekundu.

Nimesoma mpaka ukurasa wa thelathini. Haya ndiyo ninayoyaona.

Ukurasa wa tatu mwanamke anapika uji. Ukurasa wa tano anakunywa chai. Uji umekwenda wapi? Ukurasa wa saba moyo wake unadunda kama ngoma. Mwanangu, ngoma hiyo nimeifuta kwenye vitabu vya watu tangu hujazaliwa, na sikutegemea kuikuta nyumbani kwangu. Ukurasa wa kumi na moja umeme unakatika. Futa. Ukurasa wa kumi na mbili anapita paka mweusi. Mfute paka. Mtu aliyefiwa hahitaji paka, ana ya kutosha.

Ukurasa wa kumi na tisa, pale anapoamka na kukuta alama ya kidole gumba kwenye rangi ya ukuta, mbichi, upande wa ndani. Hapo usiguse kitu. Hapo niliondoka kitini nikaenda kuangalia ukuta wa chumba chetu, na sijui nilikuwa natafuta nini.

Nasoma kwa sauti. Bila sauti nilikuwa naruka mistari. Nasoma kama yeye, nukta na mkato, halafu nanyamaza na kusahihisha kama mimi. Kazi ya watu wawili kuifanya mmoja inachosha.

Baba yako


Tarehe 22 Februari

Baba,

Shikamoo tena. Mafuta nimepaka, glavu nimeambiwa zitanunuliwa, nawe unajua maana yake. Huku salama. Uji nimeurekebisha. Paka nimemwondoa, nikamkumbuka siku mbili.

Lakini Baba, naomba nikwambie ukweli. Nilifungua barua yako nikiwa nimesimama kati ya mashuka ya hoteli, na niliposoma habari ya uji nilitaka kucheka na kulia. Nimekutumia kifo cha Mama, wewe unanitumia ngoma na paka! Sikukupa unisafishie tu. Nataka uniambie kama ni kweli.

Unajua ninachosema. Nilifika siku mbili baada ya maziko. Nilikaa siku nne, nikaosha vyombo vya waliokuja kuhani, nikaondoka. Ni mwaka mmoja na miezi saba sasa sijakanyaga nyumbani, na kila sikukuu nakupa sababu, na kila sababu unaipokea bila kuuliza. Siwezi kuingia ile nyumba, Baba. Nimejaribu. Mara moja nilifika mpaka stesheni na begi, nikakaa kwenye benchi, nikarudi kupiga pasi. Ndipo nikaandika hiki kitabu, maana humo naweza kuingia. Ukiniambia ni cha uongo, basi sijaingia popote.

Kwa hiyo soma mpaka mwisho, nawe niambie kama msomaji, si kama msumeno.

Mwanao


Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila situlii. Nimehamisha meza mara mbili wiki hii, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, mpaka jirani yangu fundi, yule tunayemwita Mama Cherehani, akauliza kama nahama.

Nimekisoma chote. Nakurudishia na alama zangu. Umeniomba niseme kama msomaji, nami nitasema, hata ukinikasirikia.

Una kipaji. Nilishika vitabu vya watu wenye majina makubwa ambao hawakuweza kuandika ukurasa wako wa kumi na tisa. Lakini kitabu hiki kina kasoro moja, na si uji. Huyu marehemu wako ana njaa. Anaita, anaita, ukuta unavimba, mwishowe mwanamke anachukua nyundo, anavunja tofali na kuingia, na ukuta unafunga. Mimi nakwambia siamini. Umemfanya mama kuwa kitu cha kukimbiwa. Mwenzangu amekufa, naishi kwenye vyumba vyake, na sijaogopa hata siku moja kwamba atakuja. Miezi ya kwanza nilisikia nukta zake zikitamkwa kila niliposoma gazeti, na nilifurahi. Sasa hazisikiki. Nashika gazeti, nangoja, kimya. Hicho ndicho cha kutisha, mwanangu, na hakimo kwenye kitabu chako. Wewe unamwogopa anayeita. Mimi namwogopa aliyenyamaza.

La pili ni dogo, ni la kazi tu. Ukurasa wa arobaini na moja. Ukuta unasema "njoo" mara tisa. Mara tisa, Chiriku, katika ukurasa mmoja! Msomaji amesikia la kwanza, si kiziwi kama mimi. Nimefuta nane, nimebakisha moja, na sasa ukurasa umetulia vizuri.

Nikuchekeshe kidogo. Nilipokuwa nausoma ukurasa huo kwa sauti, na sauti yangu unaijua, mlango ulifunguliwa akaingia Mama Cherehani na sindano mdomoni. Akasema, "Haya, nimekuja, kuna nini?" Nikamwambia sijamwita. Akasema, "Hujaniita? La kwanza nilidhani redio. La pili nikadhani unagombana na mtu. Ulipofika la nne nikaacha nguo ya watu kwenye mashine." Nikamwonyesha kitabu. Alisoma nusu ukurasa amesimama, akasema hatalala, akaondoka nacho moyoni, nadhani.

Kwa hiyo hiyo ndiyo rai yangu. Punguza kelele za marehemu. Mwisho uandike upya.

Baba yako


Tarehe 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nitaandika upesi kabla sijapoa, maana nikipoa nitakuwa na adabu.

Umefuta nane.

Hizo tisa ndizo kitabu, Baba. Nyingine zote, ukuta, nyundo, kidole gumba, nimezijenga kuzunguka hizo tisa. Unaniambia namwogopa anayeita. Hujanielewa hata kidogo. Nimemtunga anayeita kwa sababu wangu hakuniita.

Barua ya mwisho ya Mama ninayo, naiweka kwenye kopo la vifungo hapa kaunta. Ni mwandiko wako, maneno yake. Naijua kwa moyo. Mvua imeingia jikoni. Baba yako ameweka beseni. Kikohozi kinapungua asubuhi. Koti lako la shule bado lipo. Halafu mstari wa mwisho: "Ukipata nafasi, njoo." Basi. Barua imenyooka, imetulia, kama tangazo la maji kukatika. Nilimwonyesha tajiri, akasema subiri mwisho wa mwezi wateja wapungue, nikamjibu hamna shida. Mimi nilisema hamna shida! Kwa sababu mtu anayekufa haandiki "ukipata nafasi". Siku kumi na moja baadaye mjomba akapiga simu.

Tangu siku hiyo najiuliza kama hakutaka nimwone vile, au alikuwa na hasira nami, au hakuona kama nina umuhimu wa kuitwa mara ya pili. Nikaandika mama anayeita mpaka ukuta unapasuka. Ndiyo, ana njaa. Nilitaka awe na njaa. Nilitaka kuwe na mtu anayenitaka hivyo. Na yule mwanamke haliwi na ukuta, Baba, soma tena. Anavunja mwenyewe, anaingia mwenyewe, na anafika.

Nane zako nazirudisha zote.

Mwanao


Tarehe 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Umenyamaza wiki tatu. Nimempigia mjomba, anasema u mzima, unakula, unatembea barabarani asubuhi kama mtu aliyepoteza kitu. Kama ni yale niliyoandika, nisamehe ukali, si maana. Kesho natuma mswada. Paka hayumo. Tisa zimo. Niandikie hata mstari mmoja.

Chiriku


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu. Sijaumwa. Nimeanza barua hii zaidi ya mara kumi na kila mara naisahihisha mpaka haisemi kitu. Hii sitaisoma tena nikishaiandika. Ukikuta kosa, liache.

Uliposema habari ya koti la shule na beseni, nilienda kwenye mtoto wa meza. Unajua mimi rasimu haziendi jalalani, nimetunza hata za harusi yetu. Niliitoa rasimu ya barua ile. Sikuwa nimeitazama tangu siku niliyoiandika. Niliiweka mezani nikatoka, nikatembea mpaka sokoni, nikarudi, bado iko pale.

Siku ile mjomba wako alitaka akupigie simu. Mama yako akakataa, akasema simu itakushtua uko kwenye mapasi ya moto. Akasema, "Tumwandikie. Mimi nasema, wewe shika kalamu." Nilimwegemeza kwa mito miwili, nikaweka ubao magotini. Akasema kama tulivyozoea kazini, na nukta zake. Nami nikaandika kama nilivyozoea. Yote, neno kwa neno. Kisha akalala.

Nikachukua kalamu nyekundu.

Sikufikiri, Chiriku. Naapa sikufikiri. Miaka thelathini na moja, rasimu ikikaa mbele yangu mkono unakwenda wenyewe. Nikaona neno limerudiwa, nikalifuta. Nikaona limerudiwa tena, nikalifuta tena. Lilikuwa "njoo". Alikuwa analisema katikati ya kila jambo, bila mpango, likivunja habari ya mvua na habari ya koti. Nilibakisha moja nikalipeleka mwisho, mahali pake. Likawa limekaa peke yake, kavu, kama amri, nikaona tajiri wako akiliona atadhani sisi watu wa kukurupuka. Nikaliongezea "ukipata nafasi". Maneno hayo ni yangu. Hakuyatamka. Nikafupisha na mengine, hata habari ya kuumwa kwake, nikanakili safi, nikatia stempu, nikarudi nikamwambia tayari. Akauliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia.

Kila siku baada ya hapo alikuwa akiuliza kama barua imefika. Nami nilikuwa nahesabu siku za posta.

Kwa hiyo umuhimu ulikuwa nao. Aliyekukosesha mama yako ni mimi. Si kwa ubaya. Kwa usafi. Na nilipokikuta kitabu chako nikafanya kosa lile lile, kalamu ile ile, na nikakuandikia kwamba ukurasa umetulia vizuri. Mama Cherehani alikuja kwa sababu nilisema mara nne, si moja. Nilikuandikia kichekesho hicho kwa mkono wangu na bado sikuona.

Mimi ndiye ukuta wako, mwanangu. Sina la kuongeza.

Baba yako


Tarehe 4 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika barua nne nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na nakujulisha kwamba yalikuwepo, ili usidhani nimekaa kimya kwa upole.

Ulimhariri. Ninapiga pasi nasema hivyo kwa sauti, ulimhariri, mpaka wateja wananitazama. Nimeunguza shati la mtu kifuani, alama ya pasi nzima, tajiri amenifokea na sikumsikia. Mtu anakufa, anaita mwanawe, wewe unaona neno limerudiwa! Kwa siku kadhaa nilikuchukia, Baba. Halafu nikamwona yule mke wa koti la kijivu. Alikuja hatimaye, bila risiti. Nikamwambia bila risiti siwezi kumpa, maana ndivyo tunavyosema, ndivyo nilivyosema kila siku kwa miaka sita. Akasimama anaangalia koti lile nyuma yangu. Analiona, mimi nalipangusa kila asubuhi, najua ni lake, na mdomo wangu unasema utaratibu ni risiti. Alishafika mlangoni ndipo nilipopata akili nikamkimbilia nalo barabarani. Nikarudi nikakaa chini kati ya mashuka. Mkono wangu nao ulikuwa umekwenda wenyewe.

Sijakusamehe. Nakwambia tu nilichokiona.

Sasa sikiliza. Nataka ile rasimu. Si nakala safi, si maelezo. Nitumie karatasi yenyewe kama ilivyotoka kinywani mwake, na usiguse hata nukta. Nimekata tiketi ya treni ya Jumamosi tarehe 23. Naweza kuja, naweza kuirudisha kwenye dirisha la tiketi, sijui, na sitaki uniombe. Nataka kwanza nimsikie yeye.

Mwanao


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Karatasi yenyewe imo humu ndani. Wino mwekundu umeyafunika maneno mahali pengi, ndiyo maana nimekuandikia hapa chini kama alivyotamka, na nukta zake, kwa sababu nimegundua kwamba nikiziandika nazisikia tena. Tangu juzi nazisikia. Sikuahidi kwamba zitakuwa nzuri kusoma.

Mwisho kuna jambo moja. Neno la mwisho hakulitilia nukta. Nilishika kalamu nikamngoja aitamke, kumbe alikuwa ameshalala. Nikaitia mimi. Leo nimeiondoa.

Baba

*Mwanangu mkato njoo nukta. Mvua imeingia mpaka jikoni mkato baba yako ameweka beseni nukta. Njoo nukta. Usihangaike na zawadi mkato njoo hivyo hivyo ulivyo nukta. Kikohozi kinanipa nafasi kidogo asubuhi mkato ndiyo ninaitumia kusema haya nukta. Koti lako la shule bado lipo mkato nimekataa lisigawiwe mkato lina harufu yako kwenye kola nukta. Njoo nukta. Baba yako anakunja uso mkato anasema hilo nimeshalisema nukta. Mwache nukta. Njoo nukta. Mwambie tajiri wako mama anaumwa kweli mkato si kuumwa kwa siku zote nukta. Njoo mwanangu mkato njoo nukta. Aya mpya. Nimechoka mkato nitaendelea kesho nukta. Njoo*


Tarehe 17 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma kwa sauti dukani, na nukta zake zote, mpaka tajiri akatoka ofisini na kusimama mlangoni. Akanipa ruhusa ya juma zima.

Prufu za kitabu zimefika. Nimehesabu, Baba: Mama aliita mara nane, mimi nilimwandikia tisa. Kwa hiyo ukurasa wa arobaini na moja nimekata moja. Furahi, Wembe, moja tumekubaliana. Mwisho sibadilishi. Anavunja ukuta na anaingia.

Hasira bado ninayo na naibeba kwenye begi, tutaiweka mezani tukiwa wawili. Uandae kiti cha Mama nikae mimi. Prufu nakuja nazo. Nitasoma, utashika kalamu, na safari hii kila unachotaka kufuta utaniuliza kwanza.

Ile niliyoikata sitaki ipotee, nakupa wewe. Treni inafika Jumamosi saa nne asubuhi, na begi ni zito, na nikiona benchi la stesheni ya huko najua nitakavyokuwa. Usinisubiri nyumbani.

Njoo

Chiriku